Mabaki ya Sabuni ni Mtaji

Mtu anayetengeneza sabuni nyumbani katika visiwa vya Lamu ana neema moja na mzigo mmoja. Neema ni nazi: minazi ipo kisiwani, na sabuni ya mafuta yake hutoa povu hata kwa maji ya chumvi, jambo kubwa mahali ambapo visima vingi vina maji ya munyu. Mzigo ni kostiki soda, inayotoka bara na kuvushwa kwa mashua kutoka Mokowe. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji karibu gramu 183 za kostiki ili yote yageuke sabuni. Kwa hiyo anayetupa vipande vilivyobaki baada ya kukata miche, au mche uliopasuka, anatupa mafuta, kostiki na nauli alivyokwisha kulipia. Vipande hivyo viingizwe daftarini kama mali, kisha virudi jikoni.

Kazi yenyewe si ngumu. Sabuni hukunwa, hutiwa maji kidogo, huwekwa katika sufuria iliyo ndani ya sufuria nyingine ya maji, ikakorogwa kwa moto mdogo mpaka iwe uji mzito wa kumiminwa kwenye kalibu. Ugumu uko katika kujua kasoro ilitoka wapi. Iliyozidi kostiki huchoma ngozi. Itiwe mafuta ya kipimo, ipikwe, ipimwe tena kabla ya kuuzwa. Iliyochacha mafuta, yenye madoa ya rangi ya chungwa, isichanganywe kamwe, maana itaharibu pishi zima.

Wapo watakaosema kuni zitakula faida, na hoja hiyo ina nguvu zaidi hapa, kwa kuwa kuni zaweza kukatwa mikokoni, na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Lakini mabaki yakikusanywa mpaka yajaze sufuria, moto mmoja hutosha, nao ni wa kuyeyushia tu. Wengine watasema mnunuzi atakataa mche wenye sura ya mabaka. Basi uuzwe kama sabuni ya kufulia, kwa bei ya chini na bila kuficha asili yake. Derreck Kayongo, mzaliwa wa Uganda aliyewahi kuishi Kenya kama mkimbizi, alianzisha Global Soap Project huko Atlanta mwaka 2009, akageuza sabuni zilizobaki hotelini kuwa miche mipya kwa wahitaji. Mradi ule ulisafisha na kupima kwanza. Mabaki yasiyopimwa yangekuwa hatari.

Pingamizi zito kabisa ni la viwango, kwani sabuni inayotengenezwa nchini kuuzwa madukani inapaswa kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, na pishi la mabaki mchanganyiko ni gumu kulidhamini. Hilo halizuii biashara. Linadai kila pishi liwe na tarehe, na vipimo vyake viandikwe. Serikali ya Kaunti ya Lamu ikitaka kuwasaidia watengenezaji hawa, ianze na mizani ya gramu na mafunzo ya kupima.