Mtoto Anataka Kusomea Uhandisi wa Ndege: Achague Chuo Kipi?

Mkazi wa Kariobangi hahitaji kwenda mbali kuona ndege. Kambi ya jeshi la anga iko Eastleigh, uwanja wa JKIA uko Embakasi, na mchana hakukosi kitu kinachonguruma juu ya mapaa. Si ajabu basi mtoto aliyekulia hapa akimaliza kidato cha nne na kusema anataka kuunda ndege au setilaiti. Mzazi hufurahi, kisha hubaki na maswali: kozi hiyo inafundishwa wapi, inataka alama gani, na baada ya miaka mitano ya karo kuna kazi?

Maswali hayo yanafaa kuulizwa mapema. Kosa la kuchagua kozi vibaya halionekani mwaka wa kwanza. Huonekana mwishoni, mhitimu anapopeleka vyeti vyake kazini na kuambiwa kwamba alichosomea sicho kinachotakiwa.

Majina yanayochanganya

Nairobi ina bahati. Vyuo vikuu viwili vya umma vinavyofundisha fani hii viko karibu. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilicho Kahawa kando ya barabara ya Thika, kina shahada ya uhandisi wa vyombo vya anga, yaani ndege pamoja na vyombo vinavyokwenda anga za juu kama setilaiti na roketi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, TUK, kilicho Haile Selassie Avenue katikati ya jiji, kina shahada ya uhandisi wa ndege. Wengi bado wanakijua chuo hicho kwa jina la zamani, Kenya Polytechnic, kabla ya kupandishwa hadhi mwaka 2013.

Msingi wa kozi hizi mbili ni mmoja: hesabu nyingi, jinsi hewa inavyopita kwenye bawa, nguvu ya injini, uimara wa bodi, na mifumo ya kuongoza chombo kikiwa angani. Tofauti huja katika miaka ya juu, na mwanafunzi anapaswa kusoma orodha ya masomo ya kila mwaka badala ya kutosheka na jina la shahada.

Tahadhari kubwa ni hii. Kuna kozi nyingine zenye neno "anga" au "ndege" ambazo si uhandisi. Usimamizi wa usafiri wa anga ni kozi nzuri kwa anayetaka kazi ya uwanja wa ndege au ofisi ya shirika la ndege, lakini haimfanyi mtu mhandisi. Urubani nao husomewa katika shule za urubani, nyingi zikiwa Uwanja wa Wilson, na hauhitaji shahada ya uhandisi.

Shahada si leseni ya kutengeneza ndege

Hapa ndipo familia nyingi hujikwaa. Mtu anayetia sahihi kwamba ndege imekaguliwa na inaweza kuruka huwa na leseni ya uhandisi wa matengenezo ya ndege, inayotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA. Leseni hiyo hupatikana kwa mafunzo katika taasisi iliyoidhinishwa, uzoefu wa kazi kwenye ndege zenyewe, na mitihani ya mamlaka hiyo. Shahada ya chuo kikuu peke yake haiitoi.

Kwa hivyo mtoto aulizwe swali moja la wazi: anataka kubuni au kutengeneza? Anayependa michoro, hesabu, utafiti na setilaiti, chuo kikuu ndicho mahali pake. Anayetaka kushika spana na kuijua injini kwa mikono yake, njia fupi na ya gharama nafuu inaweza kuwa diploma ya matengenezo ya ndege, kisha leseni. Mafunzo ya usafiri wa anga hutolewa pia katika East African School of Aviation, Embakasi, taasisi iliyo chini ya KCAA. Hakuna aibu katika njia hiyo. Fundi mwenye leseni ndiye anayesubiriwa na rubani kabla ndege haijaondoka.

Alama huanza kidato cha pili

Kujiunga na shahada nchini kunahitaji angalau C+ katika KCSE, lakini kwa uhandisi hicho ni kizingiti cha mlangoni tu. Masomo yanayoangaliwa kwanza ni Hisabati, Fizikia na Kemia, pamoja na somo la nne. Mwanafunzi aliyeacha Fizikia kwa kuiona ngumu amejifungia mlango bila kujua.

KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hupima mambo mawili: masomo manne ya kundi la kozi, yenye jumla ya juu ya pointi 48, na masomo yote saba ya mtihani, yenye jumla ya juu ya pointi 84. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye A ya Hisabati na A ya Fizikia anaweza kukosa nafasi kwa sababu ya kuzembea katika Kiswahili au Historia.

Pointi za mwisho za kuingia ambazo tovuti ya KUCCPS huonyesha si sheria. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka huo, na hupanda au kushuka kulingana na waombaji. Anayezitumia azisome kwa miaka kadhaa, si mmoja.

Bodi ya Wahandisi

Kazi ya uhandisi nchini inasimamiwa na Bodi ya Wahandisi Kenya chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha baada ya uzoefu wa miaka isiyopungua mitatu na tathmini ya bodi, anaweza kusajiliwa kama mhandisi kamili. Bodi huangalia pia shahada yenyewe inatoka wapi. Kabla ya kujaza fomu, iwe ni ya chuo cha hapa au cha ng'ambo, mzazi aulize bodi kama inaitambua kozi hiyo, kwa jina lake kamili na katika chuo hicho. Jibu la wakala anayetafuta wanafunzi wa kupeleka nje lisichukuliwe kuwa jibu la bodi.

Kuhusu ng'ambo kuna jambo lingine ambalo mawakala hawalitaji sana. Nchini Marekani, teknolojia ya roketi na setilaiti huhesabiwa karibu na silaha, na sheria za usalama huzifanya kampuni nyingi za fani hiyo kuajiri raia na wakazi wa kudumu pekee. Mtu anaweza kupata shahada huko na bado asiruhusiwe kuingia katika karakana aliyoiota.

Nenda ukaone

Kutoka Kariobangi, Kahawa hufikiwa kwa Outering hadi Allsops, kisha barabara ya Thika. TUK iko upande wa pili, kwa Juja Road au Jogoo Road hadi mjini. Siku moja ya kuvitembelea vyote viwili ni nauli ndogo ukilinganisha na miaka mitano. Uliza wanafunzi wa mwaka wa nne, si afisa wa mapokezi: kuna injini ya ndege mnayoifungua kwa mikono? Mafunzo ya kazini mlifanyia wapi, na nani aliwatafutia nafasi? Wenzenu walimaliza kwa miaka mitano au zaidi?

Akikosa nafasi, uhandisi wa mitambo au wa umeme si kushindwa. Misingi yake mingi ni ileile, na mhitimu anaweza kuelekea kwenye ndege katika shahada ya pili. Hata mafundi wa Light Industries wanaoyeyusha alumini kuunda sufuria wanashughulika na metali ambayo ni msingi wa bodi za ndege nyingi.

Nafasi za kazi zipo, ingawa si tele. Mbali na mashirika ya ndege na jeshi, Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka 2017. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoundwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Italia na Japani, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu, na Aprili 2023 Taifa-1 ikarushwa kutoka California.

Karo

Vyuo vikuu viko chini ya serikali ya kitaifa, na mikopo huombwa kupitia HELB. Kwa basari ya NG-CDF, wakazi wa wadi ya Kariobangi Kaskazini wako eneo bunge la Embakasi Kaskazini, na wa Kariobangi Kusini wako Embakasi Magharibi. Fomu iliyopelekwa katika ofisi isiyo yake hurudishwa, mara nyingi muda ukiwa umekwisha.