Mlango, Ubao na Kizingiti: Istilahi za Kubadili Mlango wa Nje

Mwenye nyumba wa Dodoma anayekusudia kubadili mlango wake wa nje kwa mkono wake mwenyewe hukutana na tatizo la lugha kabla ya kukutana na tatizo la useremala. Neno mlango lina maana mbili: ni uwazi unaopitiwa, na pia ni kile kinachoufunga uwazi huo. Katika mazungumzo hakuna anayepotea. Lakini tuseme shule imeagiza kwa barua "milango kumi", naye seremala akaleta milango kumi isiyo na fremu. Barua hiyo haimpi yeyote kati yao haki ya kumlaumu mwenziwe.

Katika karakana husikika "fremu na topu". Topu hapa si sehemu ya juu, kama mfasiri ajuaye Kiingereza anavyoweza kudhani, bali ni kile kinachofunguka na kufunga. Neno hili yafaa lifahamike, lakini katika hati heri tuandike ubao wa mlango, kwa ukamilifu wake, maana ubao peke yake ni mbao yoyote ya sokoni. Fremu limekwisha kuwa neno letu na hapana haja ya kulifukuza. Nguzo zake mbili za kando ni miimo, neno ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua kwa habari ya Pasaka.

Hatari kubwa imo katika neno kizingiti. Kizingiti cha chini ndicho kinachovukwa kwa mguu. Kizingiti cha juu huunganisha miimo kichwani. Lakini juu yake, katika nyumba ya matofali, upo mhimili wa zege ambao mafundi huuita linta, nao ndio unaobeba ukuta. Mwongozo ukisema tu "ondoa kizingiti", msomaji mmoja atang'oa ubao wa chini, na mwingine ataanza kuibomoa linta, ukuta umwangukie. Basi kizingiti kisiandikwe kamwe bila cha juu au cha chini, na linta ibaki linta.

Kazi yenyewe, fremu ikiwa nzima, yaeleweka kwa maneno tuliyo nayo. Kwanza miimo ichunguzwe miguuni, kwa kuwa mchwa huanzia huko, na rangi ya nje huweza kuficha mti ulioliwa ndani. Timazi ionyeshe kama imesimama wima. Upana wa uwazi hupimwa juu, katikati na chini, na kipimo kidogo kuliko vyote ndicho kinachofuatwa. Kisha hupunguzwa kama milimita 3 kila upande. Mvua za Dodoma hunyesha kwa msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hukaribia milimita 600 tu. Ubao uliopigwa randa mwezi wa Septemba, ukiwa mkavu kabisa, utavimba mwezi wa Januari na kukwama. Kwa hiyo upande wa kitasa uachiwe nafasi zaidi kidogo, na rangi au vanishi ipakwe pia kwenye kingo za juu na za chini, ambazo mafundi wenye haraka huzisahau.

Mlango mzito wa nje hutaka bawaba tatu. Nafasi zake huchorwa, huchimbwa kwa patasi kwa kina cha unene wa bawaba, na kila bawaba hushikizwa kwanza kwa skrubu moja ili mlango ujaribiwe kabla ya kukaza zilizobaki. (Parafujo ni sahihi vilevile, ila muuza duka huelewa skrubu upesi zaidi.) Mfasiri asiziingize bawaba katika maelezo ya milango ya kale ya Zanzibar au Lamu: ile huzunguka kwa ncha zake zilizotiwa katika matundu ya vizingiti, na ina mfaa katikati, kitu kisichokuwamo katika mlango wa ubao mmoja.

Yabaki vifungio. Kitasa hupachikwa katika ubao na hutaka ufunguo. Komeo husukumwa kwa mkono. Kufuli huning'inia na kuondoka. Mwongozo unaomwambia mtu apige komeo la ndani kisha atoke aende kazini umetafsiriwa na asiyewahi kufunga nyumba.