Kitunguu Saumu Ndani ya Ndoo

Waisraeli walipochoka jangwani walikumbuka vitunguu saumu vya Misri (Hesabu 11:5). Sisi wa Buguruni hatukuishia kukumbuka, tulivipanda. Tulimwagilia miezi 5, na tulipong'oa tulikuta vijikichwa vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Pesa ya mbegu ikawa imekwenda.

Kumbe kitunguu saumu huhitaji baridi ili kifanye kichwa. Ndiyo maana hustawi Mbulu, si Dar es Salaam. Lakini majani yake huota vizuri hata kwenye joto letu, nayo huunga mboga na kunukia vilevile. Sasa tunapanda kwa ajili ya majani.

Kwanza mboji
Toboa ndoo kuukuu chini na ubavuni. Weka maganda ya ndizi na viazi na mabua ya mchicha yaliyokatwakatwa, kisha majani makavu mengi, kisha udongo kidogo. Rudia hivyo hadi ijae. Iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na uigeuze kila wiki. Usitie nyama, samaki wala wali, utaita panya na nzi. Baada ya miezi 2 au 3 itakuwa nyeusi, yenye harufu ya udongo.

Kupanda
Changanya mboji sehemu 1 na udongo sehemu 2 katika chombo chenye matundu. Chukua punje zilizoanza kuchipua jikoni, uzichomeke ncha ikiwa juu, kina cha sentimeta 3. Zipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Majani yakirefuka kupita kiganja, kata na kubakiza vidole viwili. Utakata mara 2 au 3, kisha panda punje nyingine.

Neno la muuguzi
Sisi wauguzi tunawaona akina mama wanaoacha dawa za shinikizo la damu na kutegemea kitunguu saumu. Tafadhali, msifanye hivyo. Ugonjwa huu huharibu moyo na figo bila kuuma. Kitunguu saumu ni kiungo cha chakula. Dawa uendelee nazo kama ulivyoelekezwa.

Vichwa bado tunanunua sokoni. Lakini maganda yetu hayaendi tena mtaroni kuziba maji ya mvua. Bwana ametupa ndoo ya mboga kutoka katika takataka zetu wenyewe.