Je, Wajua? Kiyoyozi cha Zamani Kinaweza Kuitii Simu Yako

Je, wajua kuwa kiyoyozi cha ukutani kilichokula miaka kumi na mitano, kile ambacho rimoti yake imefungwa mpira ili betri zisidondoke, kinaweza kuamrishwa kwa simu bila kufungua skrubu hata moja? Kinachohitajika ni kisanduku kidogo cha kutoshea kiganjani. Kisanduku hupokea amri ya simu kwa waifai, kisha hukirushia kiyoyozi miale ileile ya infraredi ambayo rimoti hurusha. Kiyoyozi hakitambui tofauti yoyote.

Miale hiyo iligunduliwa kwa kipimajoto. Mwaka 1800, mwanaastronomia William Herschel aliupitisha mwanga wa jua kwenye prizimu huko Uingereza, akaweka vipimajoto kwenye rangi mbalimbali. Alipokiweka kimoja nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali jicho halikuona kitu, joto lilizidi kupanda.

Je, wajua kuwa simu yako huiona miale hiyo? Elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera ya mbele, bonyeza kitufe chochote, halafu tazama skrini. Ukiona nukta ya zambarau au nyeupe ikimetameta, rimoti ni nzima. Kamera ya nyuma ya simu nyingi ina kichujio cha kuizuia, kwa hivyo tumia ya mbele. Fanya jaribio hili kabla ya kumwita fundi.

Jua la hapa Isiolo, Kenya, nalo limejaa infraredi. Kiyoyozi hutofautishaje rimoti na jua? Rimoti nyingi huwaka na kuzima takriban mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi husikiliza mpigo huo tu. Hata hivyo, jua likikipiga kipokezi moja kwa moja kutoka dirishani, rimoti huhitaji kusogezwa karibu.

Hili ndilo wengi hawalijui: rimoti ya kiyoyozi haitumi kitufe ulichobonyeza. Rimoti ya televisheni hutuma neno moja tu, kama vile "ongeza sauti". Ya kiyoyozi hutuma hali nzima kila mara: kimewashwa, kipoze, nyuzi 24, feni ya wastani, mabawa yatulie. Ndiyo maana ina skrini. Kumbukumbu iko mkononi mwako. Katika itifaki ya NEC, inayotumika kwenye televisheni nyingi, ujumbe ni biti 32. Baadhi ya viyoyozi vya Daikin hutumia ujumbe wa biti 280.

Kwa hiyo ukikifunza kisanduku kitufe kimoja kimoja, utakuwa unakikaririsha picha za hali, si vitufe. Nyuzi 24 na feni ndogo ni picha moja. Nyuzi 24 na feni kubwa ni picha nyingine kabisa. Afadhali ununue kisanduku ambacho tayari kina misimbo ya modeli yako.

Mazungumzo haya ni ya upande mmoja. Kiyoyozi hakijibu. Mtu akipita mbele ya miale, simu itaandika "kimewashwa" huku chumba kikichemka. Tiba ni kuweka kihisi cha halijoto chumbani: baada ya dakika kumi hivi, kama joto halijashuka, amri irudiwe.

Je, wajua kuwa amri ya kuvuka mita mbili za chumba inaweza kusafiri kwanza hadi seva ya nchi nyingine ndipo irudi? Visanduku vingi vya dukani hufanya kazi hivyo. Intaneti ikikatika, simu huishiwa nguvu. Njia ya pili ni ya fundi mwenye ari: chipu ya ESP8266, iliyoanza kusambaa mwaka 2014 kutoka kampuni ya Espressif ya Shanghai, na programu huria ya Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013. Hapo kila kitu hubaki ndani ya nyumba. Tahadhari moja: LED ya infraredi ikiunganishwa na chipu moja kwa moja huwa dhaifu mno. Itilie transista.

Visanduku vingi havishiki waifai ya gigahezi 5. Fungua ile ya 2.4.

Usidanganyike kutumia soketi janja ya kukata stima badala ya kisanduku. Viyoyozi vingi vya zamani havirudi kuwaka vyenyewe stima inaporejea. Isitoshe, kompresa haipendi kuwashwa papo hapo baada ya kuzimwa. Iache ipumzike kama dakika tatu, shinikizo la gesi lisawazike.

Fundi anaposema "tani moja", anazungumzia barafu. Ni uwezo wa kuondoa joto linaloyeyusha kilo 907 za barafu kwa saa 24, yaani BTU 12,000 kwa saa. Mashine ya zamani ya ukubwa huo hula karibu kilowati moja, sawa na yuniti moja ya tokeni kwa kila saa ambayo kompresa inazunguka. Na kuiweka nyuzi 16 hakuharakishi ubaridi. Kompresa isiyo ya inveta ina mwendo mmoja tu.

Sasa tuje Isiolo kwenyewe. Mji uko takriban kilomita 40 kaskazini mwa ikweta, kwa hivyo ukuta wa magharibi huchomwa na jua la alasiri mwaka mzima. Mashine ya nje isiwekwe huko bila kivuli. Vumbi nalo huziba chujio, na hakuna programu ya simu inayolipangusa. Lakini mji uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu, kwa hivyo usiku hupoa. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya kisanduku hapa ni kuzima. Ofisi ikifungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni na kiyoyozi kikasahauliwa, hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 63 za kupoza viti vitupu.

Na gesi? Mashine nyingi za zamani zina R-22, inayoharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 inazitaka nchi zinazoendelea kuacha kuitumia kufikia 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Sekretarieti inayosimamia itifaki hiyo iko Nairobi, na marekebisho yake ya 2016, yanayohusu gesi zilizochukua nafasi ya zile za awali, yalipitishwa Kigali, Rwanda.

Kwa hiyo kama kiyoyozi chako bado kinapoza na gesi haivuji, usikitupe. Safisha chujio, pima rimoti kwa kamera, kisha tafuta kisanduku. Na siku kitakapochoka kabisa, usimruhusu fundi aiachie gesi hewani. Mwambie aivute kwenye mtungi.