Usitupe ruta ya zamani, ipe kazi yake

WiFi imekuwa riziki Ukunda na Diani. Mwenye kotiji anavutia wageni nayo, mwenye mkahawa anabandika nywila ukutani, na kijana wa mtaa anawauzia majirani intaneti kwa saa. Wengi huanza na ruta moja. Biashara ikinoga wananunua mpya, ile ya zamani inasukumwa vyumba vya nyuma. Basi lawama zinaanza: mashine mpya tumeweka, mbona neti bado inajikokota?

Shida iko hewani. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja huongea kwa zamu, kimoja kimoja. Ni kama barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, trekta la miwa likitangulia: matatu yako iwe na injini kali namna gani, utafuata mwendo wa trekta. WiFi ya 802.11b, iliyotoka 1999, mwisho wake ni megabiti 11 kwa sekunde. Ile ya 802.11g ya 2003 inafika 54, na za leo zinapita mamia. Kifaa cha 11 kikituma faili ileile, kinashika hewa karibu mara tano zaidi ya cha 54. Wengine wote wanangoja.

Kwa hivyo dawa si kutupa ruta mzee. Dawa ni kuitoa kwenye njia ya ruta kijana.

Kwanza, tenganisha chaneli. Kwenye masafa ya 2.4 gigahezi, tumia 1, 6 au 11, kwa sababu hizo haziingiliani. Mzee akikaa 1, kijana akae 6, halafu umfungulie pia gigahezi 5, ambako ruta nyingi za zamani hazifiki. Ila kumbuka, gigahezi 5 hupungua nguvu haraka kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe.

Pili, zote mbili zipe jina moja, nywila moja na ulinzi wa aina moja, ili simu ihame bila kuuliza. WPA2 yenye AES inatosha. Ukiacha TKIP, ruta ya 802.11n itarudi kwenye mwendo wa 54. Na kama mzee anajua WEP peke yake, hapo mstaafishe kabisa, maana ulinzi huo ulishavunjwa kitambo.

Tatu, anayegawa anwani awe mmoja. Zima DHCP kwenye ruta ya zamani, ipe anwani yake isiyogongana na ya ile kuu, kisha chomeka kebo kwenye tundu la LAN, si la WAN. Watu wengi hukwama hapa: simu inaonyesha imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka.

Nne, mpya ndiyo ikae karibu na laini inayoingia. Ruta nyingi za zamani zina matundu ya megabiti 100. Ukipitishia mpya nyuma yake, umelipia kasi ambayo haitapita.

Kuna jambo moja hutaweza kulilazimisha: simu yenyewe ndiyo huamua ihame lini, na nyingine hung'ang'ania ruta ya mbali hata mawimbi yakiwa hafifu. Ukipunguza nguvu za ruta ya zamani, zitaiachilia mapema.

Usione haya ni mambo ya mafundi tu. Mgeni aliyekuja Diani kufanya kazi kwa laptopu hatakuvumilia mkutano wake ukikatika mara mbili. Atahama, na atayaandika mtandaoni.

Kabla hujatoa pesa nyingine, simama chumba cha mwisho na upime kasi. Zima ruta ya zamani, pima tena palepale. Kasi ikipanda, ujue mzee alikuwa anaziba njia. Ikikatika kabisa, bado unamhitaji.