Mchangiaji Naye Hula

Swali ninaloulizwa na wazazi na maharusi wa Kibaha na Kisarawe, ambalo nimekwisha kulijibu mara nyingi kupita subira ya mtu wa makamo, ni hili: "Mratibu wa arusi anachukua shilingi ngapi, na kuna haja gani ya kumlipa ilhali kamati ipo na watu watachanga?" Habari ya ujira wa mratibu ni ndogo, nami nitaimaliza kwa haraka huko chini, lakini hayo maneno mawili ya mwisho, "watu watachanga", yasemwayo kama kwamba ni jambo lisilohitaji ithibati, ndiyo yanayowafanya maharusi wazime simu siku ya tatu ya fungate ili wasisikie sauti ya mpishi anayedai.

Imani yenyewe, ambayo hutolewa katika vikao kama dawa ya maradhi yote, husema kwamba kadiri bajeti itakavyopandishwa katika kikao cha kwanza, ndivyo watu watakavyojikaza kuchanga. Kwa hiyo matarumbeta, ndafu, fataki, sare za kamati, kamera ya kurushwa angani na gari la kukodi la bibi arusi, vyote viandikwe tu bila hofu, kwa kuwa idadi ya wachangiaji ikiongezwa vitajilipa vyenyewe. Nimeliona daftari la kamati moja pale Maili Moja, daftari la jalada gumu lililopigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu, ambalo safu yake ya "ahadi" ilikuwa imejaa mpaka ukurasa wa tano, na safu ya "taslimu" ilikuwa na majina manne, mawili kati yake ni ya wazazi wa bwana arusi. Mweka hazina akasoma jumla ya safu ya ahadi kwa sauti kuu, kikao kikapiga makofi, na papo hapo mjumbe mmoja akatoa hoja ya kuongeza ndafu wa pili.

Sasa tufanye hesabu, maadamu hesabu haina mjomba wala shangazi wa kumstahi. Tuchukue mfano wa arusi ya wageni 200 katika ukumbi wenye viti 250, na kadi ya mtu mmoja iwe shilingi 70,000. Wote 200 wakiahidi, daftari litasema milioni 14. Kisha tuseme 150 wametimiza ahadi, na pale penye pengo la 50 wakaingia bibi na babu, jirani, sheikh au mchungaji, wapambe, na wale wasiochanga ambao hakuna mtu mwenye ujasiri wa kuwarudisha mlangoni. Fedha iliyopatikana ni 10,500,000, na watu wanaokula ni wale wale 200. Sahani ikiwa 25,000, vinywaji 12,000, na kiti, kadi na kitambaa cha kiti 5,000, kila anayeketi anagharimu 42,000, yaani 8,400,000 kwa wote. Zimesalia 2,100,000. Ukumbi 1,500,000, muziki na mshereheshaji 1,000,000, mapambo 2,000,000, picha 1,200,000: jumla 5,700,000. Pengo ni 3,600,000, wala bado hatujamgusa ndafu.

Hapo ndipo kamati husema kwa furaha, "Tuongeze kadi." Haya, tuongeze. Kila mchangiaji mpya aliyelipa 70,000 yake yote huja na tumbo lake, akala na kunywa na kuketi kwa 42,000, akaiachia arusi 28,000 tu. Na pengo la 3,600,000 likigawanywa kwa 28,000 linataka watu 129 zaidi, walipaji kamili wasio na deni hata la senti, ambao wakijumlishwa na wale 200 wanakuwa 329 katika ukumbi wa viti 250. Basi mtatafuta ukumbi mkubwa zaidi, na ukumbi mkubwa una kodi kubwa, una meza nyingi za kupambwa na nafasi pana ya kujazwa sauti, na pengo mlilokwenda kulifukia mmelichimba upya. Mchango husaidia sherehe ambayo masurufu yake yamekwisha kupimwa kwa fedha iliyopo. Kuianzisha sherehe kwa fedha isiyopo haukuweza jana, wala hautaweza Jumamosi ijayo.

Kipimo cha 28,000 kina faida nyingine, nacho napenda kila mwenyekiti wa kamati akiweke mfukoni: mapambo na mbwembwe zihesabiwe kwa watu, si kwa shilingi. Matarumbeta ya 400,000 yanakula salio la wachangiaji 15, na ndafu wa 350,000 wachangiaji 13. Mjumbe anayetoa hoja ya ndafu wa pili aulizwe kwa heshima, "Mzee wangu, hao watu 13 ni akina nani, na wamekwisha kutuma, pamoja na ya kutolea?"

Fauka ya hayo, ahadi na deni si vitu vya tabaka moja hata mbele ya sheria. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kwa jumla haiyatambui makubaliano yasiyo na badali, na ahadi ya mchango ni makubaliano ya namna hiyo. Mtu aliyeahidi laki mbili akatoa pole huwezi kumburuta mahakamani. Mpishi aliyeleta masufuria yake, akapika na watu wakala, anaweza. Naye hataishitaki "kamati", kwa sababu kamati ya arusi haina nafsi kisheria. Atamtafuta aliyetia saini, ambaye aghalabu ni bwana arusi mwenyewe au baba yake. Tena ukumbi na mpambaji hutaka malipo ya awali miezi kabla, ilhali michango huja kwa kishindo wiki ya mwisho.

Wako watakaosema kwamba kumlipa mtu aangalie sherehe ni uzungu. Hili ni ghalati. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapwa mwaka 1903, ambacho Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye mwandishi wake mkuu, kinaonyesha kuwa arusi za Mrima zilikuwa na ada chungu nzima; na kungwi, hapa pwani na huko kwa Wazaramo wa Kisarawe, hakuwa mtu wa kujitolea bure, bali mjuzi aliyepewa haki yake kwa kazi inayofahamika.

Basi mambo ya kufanya, kwa ufupi. Tengeni kwanza cha lazima: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 na mashahidi wawili, wala haisemi neno juu ya fataki. Panga bajeti kwa fedha taslimu iliyo mkononi leo, mchango ukija upandishe kitu kimoja kimoja. Funga michango wiki mbili kabla, kisha ndipo mpe mpishi idadi. Weka akiba ya sehemu moja ya kumi kwa jenereta na kwa muda wa ziada wa ukumbi. Kibali cha sherehe kwa mtendaji wa kata kichukuliwe mapema. Unganeni, "send-off" na arusi siku moja, familia mbili ukumbi mmoja. Au nikahi asubuhi na pilau nyumbani, sitara tele na deni hakuna.

Na mratibu? Ikiwa sherehe ni ya uwanja mmoja, watu mia, na katika aila yenu yupo mwalimu au karani mwenye wasaa na anayeogopwa, msimlipe mtu. Ikiwa bibi arusi anatoka Kisarawe na ukumbi uko Kibaha, mlipeni, hata awe wa siku hiyo moja tu. Wilaya hizi zinapakana, lakini gari la wageni kutoka Kisarawe mjini aghalabu hushuka Pugu na Gongo la Mboto, likaingia Dar es Salaam, ndipo likaikamate barabara ya Morogoro na foleni yake, na mtu wa kupiga simu saa nane mchana kuuliza basi limefika wapi hawezi kuwa mama wa bibi arusi. Ujira uwe kiasi kilichokatwa, kamwe usiwe asilimia ya bajeti, kwani anayelipwa kwa asilimia hana sababu ya kumkataa ndafu. Mwulizeni waziwazi kama anapokea cha juu kutoka kwa wapambaji na wapishi anaowaleta, na jibu lake liandikwe katika mkataba. Bei za watoa huduma ziletwe na stakabadhi zao, na fedha ilipwe nanyi moja kwa moja kwa mwenye kazi, isipitie kwenye simu yake.

Akinuna kwa masharti hayo, mwacheni aende, mumwite yule mwalimu.