Mashine ya Kutembelea Isiyodai Umeme

Tredmili ya jimu ina mota: unabonyeza kitufe, mkanda unaanza kuzunguka, nawe unaufuata. Iliyoko sebuleni kwetu Tabata haina mota wala waya. Mkanda wake huzungushwa na miguu. Ukisimama, nao unasimama. Umeme ukikatika jioni tunawasha taa ya kuchaji na kuendelea.

Niliinunua kwa ajili ya mama, anayehudhuria kliniki ya presha na aliyeambiwa awe anatembea. Mtaa wetu hauna njia ya waenda kwa miguu. Masika yakianza ni matope matupu, na bodaboda hazimpishi mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Nusu saa kwenye barabara ile ni mtihani kwa mtu wa umri wake.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni mwinuko. Kwa kuwa hakuna mota, mashine huinuliwa upande wa mbele ili uzito wa mwili usaidie kuusukuma mkanda nyuma, na gurudumu zito lililofichwa mbele huzuia mwendo usikatike baina ya hatua na hatua. Kwa hiyo kila ukiipanda, unapanda mlima. Kwa kanuni wanayotumia wataalamu wa mazoezi, kutembea kilomita 4 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10 hudai oksijeni zaidi ya mara mbili ya mwendo huohuo kwenye tambarare. Basi usivunjike moyo ukiona kioo cha betri kinaonyesha mwendo mdogo. Namba ya kalori ndiyo usiitegemee kabisa: kioo kisichokuuliza uzito wako kitajuaje umetumia nguvu kiasi gani? Sikiliza pumzi. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba kukakushinda, hapo ndipo penye mazoezi ya wastani. Mama hujipima kwa kaswida anazozipenda. Akiona bado anaimba vizuri, anaongeza hatua.

Mlima huo hukaza sana misuli ya nyuma ya mguu. Anza kwa dakika chache, shika vishikio mpaka mkanda ukolee, kisha vishike kwa wepesi, maana ukiviegemea unaipunguzia miguu kazi. Mwenye maradhi ya moyo au maumivu ya goti na kisigino amwone daktari kwanza. Anayetaka kukimbia atafute mashine nyingine: nyingi kati ya hizi za kukunja ni nyepesi na mkanda wake ni mfupi kwa hatua ya mkimbiaji.

Khanga na dera refu havifai juu ya mkanda. Mama nilimshonea suruali pana inayobana kifundoni, akaipenda mno, siku hizi anaenda nayo hata dukani. Miguuni avae raba.

Ukimaliza, ikunje na uhakikishe pini imeingia sawasawa. Nyumba yenye watoto isilifanyie mzaha jambo hili, kwani mashine haina swichi ya kuzima. Mkono mdogo ukiusukuma mkanda, vidole vinaweza kubanwa kwenye rola. Mkanda ukihamia upande mmoja, kaza skrubu ya nyuma ya upande huohuo, robo mzunguko tu, kisha utembee uone. Chini ya mkanda tia matone ya mafuta ya silikoni, usitie mafuta ya kupikia.

Usilipe kabla hujaipanda palepale dukani. Soma uzito wa juu inaobeba, tembea, sikiliza. Ikitikisika au mkanda ukikwamakwama, iache. Na kama mtaani kwenu kuna njia salama yenye kivuli, tembeeni huko, pesa hiyo ifanye mengine. Wasio na njia hiyo, hasa wenye wazazi wanaoogopa barabara, mashine hii inawafaa.